Lebo ya Nchi ya Asili Inasema Nini Hasa?

Kazi yangu ni kubainisha uasili wa bidhaa. Napokea nyaraka za kiwanda, orodha ya malighafi pamoja na gharama zake, kisha naeleza kama bidhaa hiyo, kwa mujibu wa sheria, ni ya nchi hii au ile. Kila unapovuma wito wa kununua bidhaa za ndani, watu wenye nia njema kabisa huniuliza: nikiona jina la nchi yangu kwenye lebo, je, fedha yangu inabaki nyumbani? Swali ni la haki, lakini uamuzi ulio nyuma ya lebo haukukusudiwa kulijibu. Forodha huhitaji kila bidhaa iwe na nchi moja tu ya asili, hata kama imepita katika viwanda vya nchi tano, ili ushuru ujulikane. Na nchi hiyo moja ndiyo mara nyingi inayoishia kwenye lebo.

Mazao yaliyovunwa, madini yaliyochimbwa au mnyama aliyezaliwa na kufugwa katika nchi moja havina utata. Kwa bidhaa zilizopita mikono mingi, kanuni iliyoenea ni kutazama mahali lilipofanyika badiliko la msingi la mwisho, yaani hatua iliyokigeuza kitu kuwa kitu kingine chenye jina, sifa na matumizi mapya.

Tuchukue shati la pamba. Pamba imelimwa nchi ya kwanza, uzi umesokotwa nchi ya pili, kitambaa kimefumwa na kutiwa rangi nchi ya tatu, na vipande vimekatwa na kushonwa nchi ya nne. Katika masoko mengi, lebo iliyoshonwa shingoni itaitaja nchi ya nne peke yake, na haitakuwa imedanganya. Mikataba mingi ya biashara, hata hivyo, ina masharti makali zaidi: mingine hudai kitambaa nacho kiwe kimefumwa ndani ya nchi wanachama, na mingine hurudi nyuma hadi kwenye uzi, kabla ya kukubali nafuu ya ushuru. Ndiyo maana shati lilelile linaweza kustahili lebo ya nchi fulani na bado likanyimwa nafuu inayotolewa kwa bidhaa za nchi hiyo.

Kwenye vyakula mambo huwa magumu zaidi. Katika mfumo wa kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, kahawa mbichi na kahawa iliyokaangwa zimewekwa chini ya namba moja, 09.01. Panapotumika kanuni inayodai bidhaa ihame kutoka namba moja ya tarakimu nne hadi nyingine, kukaanga hakuibadilishi kahawa uasili wake. Forodha ya Marekani, kwa upande wake, hukubali kwamba kukaanga kunatosha. Nchini Marekani vilevile, mwaka 1986, mahakama iliamua kwamba kuchanganya maji na juisi nzito ya machungwa iliyoagizwa kutoka nje hakuifanyi kuwa juisi ya Marekani, hata kama kazi hiyo imefanyika katika kiwanda cha humo nchini.

Kwa hiyo soma sentensi nzima ya lebo, si jina la nchi pekee. Kanada hutofautisha waziwazi: kwa bidhaa zisizo chakula, maneno “Bidhaa ya Kanada” yanadai angalau asilimia 98 ya gharama za moja kwa moja za uzalishaji ziwe za humo, ilhali “Imetengenezwa Kanada” yanadai asilimia 51 pamoja na maelezo kwamba kuna sehemu zilizotoka nje. Saa ya Uswisi, tangu mwaka 2017, inapaswa kuwa na angalau asilimia 60 ya gharama zake za utengenezaji nchini humo. Utaratibu ninaoupenda kuliko yote ni wa Australia, ambako lebo za vyakula vinavyozalishwa humo huonyesha kwa mchoro ni kiasi gani cha viambato kimetoka nchini. Mnunuzi hupewa kipimo badala ya kuachwa abahatishe.

Kuna alama ambazo hazithibitishi lolote kuhusu uasili. Bendera iliyochorwa kwenye pakiti ni pambo. “Imefungashwa”, “imesambazwa na” na “imebuniwa” hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi. Tarakimu za mwanzo za msimbo milia, yaani ile mistari yenye namba inayosomwa na mashine dukani, ambazo orodha zake husambazwa sana kwenye simu, huonyesha tu ni shirika la nchi gani lililoipa kampuni namba yake. Kampuni iliyosajiliwa nyumbani inaweza kubandika msimbo huo kwenye bidhaa iliyotengenezwa ng’ambo.

Umiliki nao ni jambo jingine kabisa. Kampuni ya kizalendo inaweza kuagiza kila kitu kikiwa tayari, na kampuni ya kigeni ikawa na kiwanda kinachoajiri mamia ya watu humu nchini na kununua malighafi ya wakulima wetu. Mimi binafsi siidharau hata kidogo bidhaa iliyotengenezwa nyumbani kwa malighafi kutoka nje, kwa sababu mishahara, umeme, usafirishaji na ufundi unaobaki mikononi mwa wafanyakazi ni thamani halisi. Ninachokikataa ni bidhaa iliyobandikwa lebo tu kuuzwa kwa bei na heshima ya ile iliyotengenezwa.

Lebo ikiwa haieleweki, mwandikie mtengenezaji umuulize hatua gani za kazi hufanyika nchini, malighafi kuu hutoka wapi, na ni sehemu gani ya gharama inayotumika humu. Kiwanda kinachouza nje kwa kutumia cheti cha uasili kinalazimika kuwa na majibu hayo kwenye mafaili yake, kwa kuwa forodha inaweza kuyadai hata baada ya mzigo kuondoka.