Jibu sahihi, alama moja: taratibu za darasa langu la aljebra

Kila mwaka, baada ya jaribio la kwanza, huja mzazi na karatasi mkononi. "Mwalimu, mtoto kapata jibu. Mbona umempa alama moja kati ya nne?" Swali la haki kabisa, na ukilijibu vizuri umeshaeleza karibu taratibu zote ninazofuata na vidato vya kwanza na vya pili.

Swali lenyewe lilikuwa 3(x − 2) + 4 = 13. Mwanafunzi wa kwanza aliandika x = 5, basi. Ni sahihi. Jirani yake aliandika 3x − 2 + 4 = 13, halafu 3x + 2 = 13, halafu 3x = 11, akaishia na 11/3. Huyu amekosa, lakini nilimpa alama mbili. Yule wa kwanza huenda alijaribu namba moja moja kichwani mpaka 5 ikakubali, huenda alijua njia nzima. Karatasi yake hainiambii lolote. Wa pili ameniambia kila kitu. Anajua kukusanya namba, anajua kutoa 2 pande zote mbili, ila ile 3 iliyo nje ya mabano ameizidisha na x peke yake. Kesho yake nilikaa naye dakika tano, tatizo likaisha. Yule wa kwanza sikujua nianzie wapi.

Kwa hiyo taratibu zangu zina kazi moja: kosa lionekane.

Kila mwanafunzi ana kaunta buku moja ya mazoezi tu, na anaandika kwa kalamu ya wino. Kifutio na wino mweupe hakuna. Ukikosea, pitisha mstari mmoja kwa rula juu ya ulichokosea, kisomeke, kisha anza upya chini yake. Wengine huona daftari linachafuka. Mimi kwenye mistari hiyo nasoma jinsi mtoto alivyofikiri saa tatu usiku bila mtu wa kumuuliza.

Mstari mmoja, mlinganyo mmoja. Hapa nawabana sana, kwa sababu watoto hufika na mazoea ya kuandika 3 × 4 = 12 + 5 = 17. Kwao alama ya sawasawa maana yake ni "sasa toa jibu". Lakini 3 × 4 si sawa na 17. Katika hesabu za darasa la nne uzembe huu haumdhuru mtu, ila kwenye aljebra ndio unaoua, kwa kuwa mlinganyo ni madai kwamba pande mbili zina thamani moja.

Jambo hili lina historia inayotuhusu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake mjini Baghdad mnamo mwaka 820, zama za Khalifa al-Ma'mun, na jina la kitabu lilibeba maneno mawili ya kazi: al-jabr na al-muqabala. La kwanza ndilo lililozaa jina la somo. Maana yake ni kurudisha kilichopungua, kama mfupa uliovunjika unavyorudishwa mahali pake: x − 7 = 12, rudisha 7 pande zote mbili, upate x = 19. La pili ni ndugu wa neno letu mkabala. Pande mbili zinatazamana, na kilichopo huku na huku kinaondolewa kwa kiasi kilekile: 5x = 2x + 12, ondoa 2x kila upande, ibaki 3x = 12. Mtoto anayejua duka lililo mkabala na kwao hana sababu ya kuliogopa neno hili.

Ndiyo maana muhula wa kwanza nimepiga marufuku ule usemi wa "ikivuka hubadili alama", yaani namba ikihamia ng'ambo ya alama ya sawasawa, jumlisha inakuwa toa na toa inakuwa jumlisha. Unafanya kazi kwenye x − 7 = 12. Ukifika 3x = 12, mtoto anaivusha ile 3, anaibadili alama, anaandika x = 12 − 3 = 9, na ana uhakika ametii kanuni. Darasani kwangu kila hatua inaandikwa pembeni: "toa 2 pande zote", "gawanya kwa 3 pande zote". Mwanafunzi akishanieleza kwa mdomo wake kwa nini alama hubadilika, namruhusu kuvusha.

MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) nayo huja nao kutoka shule ya msingi, na imewasaidia. Lakini kwa sababu JU imetangulia TO, wengi hudhani kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Waambie 10 − 3 + 2, watajumlisha 3 na 2 kwanza, wapate 5. Jibu ni 9: kujumlisha na kutoa vina daraja moja, unakwenda kushoto kuelekea kulia. Kosa hilohilo likihamia kwenye 10x − 3x + 2x linazaa 5x. Wiki ya pili yote ninaitumia hapo, na siijutii.

Lugha. Wengi wao wamesoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha Januari moja kila kitu kinageuka Kiingereza. Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo tunaandika Kiingereza. Kuuliza ni ruhusa kwa Kiswahili, bila kuomba radhi. Maswali ya maneno tunayasimulia kwanza kwa Kiswahili: umri wa Juma unazidi mara mbili ya umri wa Asha kwa miaka mitatu. Mstari wa kwanza lazima useme "x ni umri wa Asha kwa miaka". Aliyeandika "x ni Asha" anarudi kuanza upya, maana herufi inasimama badala ya namba, haisimami badala ya mtu. Hapo tu 2x + 3 huanza kueleweka, na 2(x + 3) hupungua kwenye madaftari.

Kazi ya nyumbani ni maswali matatu, si thelathini. Ukisaidiwa na kaka, dada au mwenzako, andika "nimesaidiwa" na hutapoteza alama. Programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa hatua zote, wazazi, tafadhali msiwape usiku wa kazi. Nitamwita mtoto ubaoni afanye swali linalofanana, na pale ubaoni simu haipo. Nimeona watoto wakisimama hapo na chaki mkononi, na ni jambo la kuhuzunisha ambalo lingeweza kuepukika.

Jaribio ni kila Ijumaa ya pili. Karatasi ikirudi, una wiki moja ya kusahihisha makosa yako na kuandika sentensi moja kwa kila kosa: nilidhani nini, na kwa nini si hivyo. Ukifanya hivyo narudisha nusu ya alama ulizopoteza. Walimu wenzangu huniambia nawadekeza. Katika mtihani wa kidato cha nne alama 30 kati ya 100 ni D, umefaulu. Lakini aliyepata 30 ameshika chini ya theluthi ya alichoulizwa, na mimi nahangaika na zile 70 zilizobaki.

Simchapi mtoto kwa kukosa swali. Nilisoma chini ya mwalimu aliyechapa kwa kila jibu baya, na tulichojifunza haraka ni kuficha madaftari. Anayemcheka mwenzake ubaoni ndiye anayebaki nami baada ya kipindi.

Aliyekosa kipindi kwa ugonjwa, msiba au kazi za nyumbani, aje kabla ya kipindi kinachofuata, asingoje mpaka tumefika mbele. Niko darasani Jumanne na Alhamisi baada ya masomo mpaka saa kumi na moja, bila malipo. Njoo na kaunta buku, na fungua ukurasa wenye mistari mingi iliyokatwa.