Upofu wa usiku kwa wajawazito na watoto wa Nepal: maswali na majibu

Mjamzito asiyeona vizuri giza likiingia ana tatizo gani?

Katika vijiji vya nyanda za kusini mwa Nepal, mjamzito aliyepapasa njia baada ya magharibi alionekana ana hali ya kawaida ya mimba, itakayokwisha akijifungua. Kwa wengi ilikwisha kweli, ndiyo maana hakuna aliyehangaika. Lakini mimba haimpofushi mtu. Jicho linahitaji vitamini A ili lione penye mwanga hafifu, na akiba ikipungua uwezo huo hupotea mapema. Utafiti wa miaka ya 1990 wilayani Sarlahi uliwakuta na upofu huo wa usiku takriban 1 kati ya wajawazito 10 wasiopewa nyongeza ya vitamini hiyo.

Kwa nini akiba iishe?

Mtoto tumboni huchota kwa mama, zaidi miezi ya mwisho. Chakula cha familia maskini huko ni wali na dengu. Mayai, maziwa na maini ni nadra, na maembe yana msimu wake. Mboga za majani husaidia, ila zipikwe na mafuta kidogo, kwani bila mafuta mwili hufyonza sehemu ndogo tu.

Na mtoto je?

Hapa ndipo uchungu ulipo. Mama aliyepungukiwa hutoa maziwa yenye vitamini A kidogo, hivyo mtoto huanza maisha bila akiba. Macho yake yanaweza kukauka, yakatokea madoa meupe kama povu pembeni mwa mboni. Ikifikia kioo cha jicho kulainika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana anaweza kupofuka moja kwa moja. Wengine hufariki hata kabla macho hayajaharibika. Vitamini A huimarisha utando wa utumbo na wa njia ya hewa. Inapokosekana, kuhara na surua huua kwa urahisi. Huko huko Sarlahi, matokeo ya mwaka 1991 yalionyesha kwamba kuwapa watoto dozi kila miezi 4 kulipunguza vifo kwa asilimia 30. Watu huiita vitamini ya macho. Mimi naiita ya uhai.

Kwa nini mpango wa taifa huwapa watoto dozi ya vitamini A mara 2 tu kwa mwaka?

Ini huihifadhi kwa miezi. Nepal ilianzisha mpango wake mwaka 1993, na wanaoigawa dozi hiyo vijijini ni wanawake wa kujitolea, zaidi ya 50,000, wanaojua nyumba gani ina mtoto. Mwenye miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000 (yuniti ni kipimo cha vitamini). Wa mwaka 1 hadi 5, yuniti 200,000.

Mjamzito anaweza kumeza dozi ya mtoto?

Hapana, kabisa. Dozi kubwa inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Pale upungufu ulipo mkubwa, Shirika la Afya Duniani linaruhusu isiyozidi yuniti 10,000 kwa siku au 25,000 kwa wiki, chini ya mhudumu wa afya.

Mjamzito mwenye upungufu atajulikanaje bila maabara?

Kwa kuulizwa, tena kwa neno analolitumia mwenyewe. Wanepali huita hali hiyo *ratandho*. Aulizwe kama jioni anaona vibaya kuliko mchana, kisha aulizwe habari za mimba iliyopita, kwa kuwa aliyepatwa mara moja yumo hatarini kupatwa tena.