Timu kubwa ikimwita kocha wa timu ndogo: tunayoyaamini na yaliyopo

"Timu kubwa ikiita, nenda. Bahati haiji mara mbili."

Kauli hii naisikia kibanda umiza karibu kila wikiendi, na kila mara namkumbuka kocha Mwingereza Eddie Howe. Alikabidhiwa Bournemouth mwishoni mwa 2008 akiwa na miaka 31. Timu ilikuwa daraja la nne Uingereza, imekatwa pointi 17 kwa matatizo ya fedha. Akainusuru isishuke, na msimu uliofuata akaipandisha. Januari 2011 Burnley, waliokuwa daraja moja juu, wakamwita, naye akaenda. Oktoba 2012 akarudi Bournemouth, daraja la chini, baada ya kufiwa na mama yake. Alitaka kuwa karibu na familia.

Kwa hesabu za vijiweni, hapo kajizika mwenyewe. Lakini mwaka 2015 Bournemouth, yenye uwanja wa kuingiza watu 11,000 na ushee, iliingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ikakaa misimu mitano, ikashuka, Howe akaondoka na kukaa nyumbani zaidi ya mwaka mzima. Novemba 2021 Newcastle wakapiga hodi. Machi 2025 akawafunga Liverpool 2-1 Wembley na kubeba Kombe la Ligi, taji kubwa la kwanza la ndani kwa Newcastle tangu 1955. Bahati ilikuja mara mbili, tena ya pili ikawa nono zaidi.

"Aliyeweza timu ndogo, kubwa atashindwaje? Si ana wachezaji bora zaidi?"

Hapa ndipo tunapowaonea sana makocha. Graham Potter akiwa Brighton alipitisha mechi 11 za ligi bila ushindi mwaka 2021, mashabiki wakaanza kuzomea, lakini mabosi wakatulia naye. Msimu huo ukaisha Brighton ikiwa nafasi ya 9. Septemba 2022 akaenda Chelsea kwa mkataba wa miaka mitano. Dirisha la Januari klabu ikasajili wachezaji wanane katikati ya msimu, na Aprili 2, 2023 akatimuliwa, hata miezi saba haijatimia. Kocha ni yule yule, na wachezaji kweli waliongezeka. Alichokiacha Brighton ni muda, na watu wa juu wanaosajili kwa mpango. Mimi naamini kocha anayeitwa aulize kwanza nani anasajili na nani anafukuza, ndipo aulize mshahara.

"Anayeondoka ni msaliti." Hapana. Akiwa na mkataba, klabu inayomtaka hulipa fidia, na kwa timu ndogo fedha hiyo ni msaada mkubwa. Tena mabosi hao hao wanaolia leo ndio wangemfungashia virago akifungwa mechi sita mfululizo.

"Ukishuka daraja, umekwisha." Kocha Vincent Kompany alishuka na Burnley mwaka 2024 akiwa na pointi 24 tu. Kiangazi hicho hicho Bayern Munich wakamchukua, na 2025 akawapa ubingwa wa Ujerumani.

Inayoniudhi kuliko zote ni hii: "Anayebaki timu ndogo ni mwoga." Frank Schmidt ni mzaliwa wa Heidenheim, mji mdogo wa Ujerumani, na timu ya mji huo ameishika tangu 2007, ilipokuwa ligi za chini. Mei 28, 2023, siku ya mwisho ya daraja la pili, alikuwa ugenini Regensburg, nyuma 2-0. Wakarudisha moja. Kwingineko Hamburg, waliokuwa wakigombea nao nafasi ya kupanda, walikuwa wamemaliza mechi yao kwa ushindi, na mashabiki wao walishaingia uwanjani kushangilia kupanda. Dakika za nyongeza Heidenheim wakapata penalti, 2-2. Kisha, dakika ya tisa ya nyongeza, Tim Kleindienst akaweka la tatu, na Schmidt akaingia Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, akiwa bingwa, na timu ile ile aliyoanza nayo.