Transista kwenye pini ya mikrokontrola: yanayosemwa na ukweli wake

"Pini inatoa miliampea 40, transista ya nini?" Namba hiyo imo kweli kwenye datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) ya ATmega328P, mikrokontrola iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno. Ila imo kwenye jedwali la mipaka ya juu kabisa, ambayo ukiivuka chipu inaweza kuharibika. Volti ambazo pini inaahidi kutoa zimethibitishwa kwa mkondo wa miliampea 20 tu. Sasa chukua rilei (swichi inayovutwa na koili ya sumaku) ndogo ya bluu ya volti 5: koili yake ina ohm 70 hivi, kwa hiyo inavuta karibu miliampea 71. Mjadala umeisha, weka transista.

Hapo linakuja la pili: "Transista inakuza mara 200, basi besi ipewe kidogo tu." Besi ni mguu wa transista unaoamrisha; mkondo wa mzigo hupita kati ya miguu mingine miwili, kolekta na emita. Angalia namba ya ukuzaji ilivyopimwa. Kwa BC547, transista ndogo ya kawaida, ilipimwa kwenye mkondo wa kolekta wa miliampea 2, huku kati ya kolekta na emita kumebaki volti 5, yaani transista haijawaka kikamilifu. Swichi tunaitaka ibakishe volti 0.2 au pungufu, na watengenezaji wenyewe wakipima hali hiyo huipa besi sehemu moja ya kumi au ya ishirini ya mkondo wa kolekta. Kwa rilei yetu, sehemu ya kumi ni miliampea 7. Pini ya volti 5, toa 0.7 za besi, gawanya kwa 0.007: ohm 614. Weka rezista ya ohm 560 kati ya pini na besi. Wengi huweka kilo-ohm 1 na kazi inakwenda, sina ugomvi nao. Wa kilo-ohm 10 ndio wanaolalamika kwamba rilei inagonga inapopenda.

Kwenye mosfeti, transista inayoamrishwa na volti za mguu uitwao geti badala ya mkondo wa besi, ndiko watu wanakoumia zaidi. "IRFZ44N inafunguka kuanzia volti 2 hadi 4, kwa hiyo volti 3.3 za pini ya mikrokontrola ya ESP32 zinatosha." Volti hizo ni za kizingiti, yaani pale mosfeti inapoanza tu kupitisha mkondo, na kizingiti kimepimwa mkondo ukiwa mikroampea 250: robo ya miliampea! Ukinzani mdogo unaosifiwa, miliohm 17.5, unapatikana geti ikiwa na volti 10. Ukiipa 3.3, pampu yako ya volti 12 itazunguka kivivu au isizunguke kabisa, na mosfeti itachemka. Mosfeti ya IRLZ44N inafaa zaidi kwa pini ya volti 5, maana datashiti yake inataja ukinzani geti ikiwa na volti 5 na hata 4. Kwa 3.3 haisemi kitu, ingawa mtaani inauzwa kama dawa ya yote. Mosfeti ya AO3400 imepimwa hata geti ikiwa na volti 2.5 tu, hiyo ndiyo ya kununua, mradi mzigo wako hauzidi volti 30 na uwe tayari kuchomelea kitu kidogo mno.

"Geti haili mkondo, basi haihitaji rezista." Ikitulia, kweli haili. Lakini mikrokontrola inapowashwa, pini nyingi huanza zikiwa za kuingiza, geti inaelea, na mota inaweza kujizungusha kabla programu haijaanza. Kilo-ohm 10 kutoka geti hadi graundi zinaondoa tatizo.

Dayodi kwenye koili hailindi rilei, inalinda transista: mkondo wa koili ukikatwa ghafla, volti zinaweza kuruka hadi mamia. Dayodi ya 1N4007 inatosha, ikiungwa sambamba na koili, mstari wake uelekee chanya.

Mwisho, "PNP ya kukata chanya ya volti 12 naiunga moja kwa moja kwenye pini." PNP ni transista inayowaka besi ikiwa chini ya emita, na huzima besi ikipanda karibu na emita. Emita iko kwenye volti 12, pini ikipanda inafika 5 tu. Besi bado iko chini mno, transista haizimi, na mkondo unasukumwa ndani ya pini yenyewe. Tanguliza NPN ndogo (aina ya BC547, inayowaka besi ikipanda juu ya emita) iivute chini besi ya PNP kupitia rezista, na rezista nyingine kati ya besi na emita ya PNP isaidie kuizima.

NPN hiyohiyo inafaa pia kuingiza ishara ya volti 12 kwenye pini. Ishara itageuka tu: volti 12 zikija, pini inasoma sifuri.