Ulinzi wa data si kazi ya watu wa kompyuta peke yao

Katika mashirika mengi nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hudhaniwa kuwa shughuli ya kitengo cha teknolojia: nywila ziwe imara, kompyuta zifungwe, basi. Dhana hiyo haisimami, kwa kuwa sheria yenyewe inagusa pia taarifa za karatasi, mradi zimo katika mfumo wa majalada uliopangwa. Tazama kitabu cha wageni pale langoni, ambamo kila anayeingia huandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, huku akijisomea za waliomtangulia. Hakuna nywila itakayoziba mwanya huo, wala fundi wa kompyuta hana habari kitabu kikijaa hupelekwa wapi. Wa kujibu ni uongozi: nambari ya simu inahitajika kwa nini, nani anaisoma, na itafutwa lini. Faili ya mfanyakazi ikiangukia mikononi mwa asiyehusika na kuwepo hatari ya kweli ya madhara, shirika lina saa 72 tangu ligundue kumwarifu Kamishna wa Data (saa ambazo, kwa bahati mbaya, aghalabu huliwa na ubishi wa idara gani imekosea), likieleza na hatua lilizochukua.