Yanayosemwa kuhusu korona na viungo vya kupandikizwa

“Ugonjwa ukilipuka, acha kwanza zile dawa ili kinga ipande.”

Naanza na hili kwa sababu linaua, na mara nyingi hutoka kwa mtu mwenye nia njema. Aliyepandikizwa figo, ini au moyo humeza dawa za kushusha kinga, kama takrolimasi, kila siku, kwa muda wote ambao kiungo kile kinafanya kazi. Kinga haijui kwamba figo ile ilitolewa na dada yake. Inaona kitu kigeni tu, na kitu kigeni hushambuliwa. Ni kweli kwamba mgonjwa akiugua korona daktari huweza kusimamisha mojawapo ya dawa hizo kwa muda, mara nyingi mikofenoleti, lakini hufanya hivyo huku akifuatilia vipimo vya damu. Si jambo la kujiamulia nyumbani.

Kuna na mtego wa upande wa pili, ambao hausemwi sana. Paxlovid, dawa ya korona, ina ritonavir ndani yake, na ritonavir huzuia ini lisivunjevunje takrolimasi. Mgonjwa anameza vidonge vyake vilevile vya kila siku, kumbe baada ya siku chache kiwango katika damu kimepanda mara kadhaa, na figo inaumizwa na dawa iliyokuwa ikiilinda. Yeyote anayekuandikia dawa aambiwe mapema kwamba umepandikizwa.

“Kiungo cha mtu aliyekuwa na korona lazima kikuambukize.”

Inategemea ni kiungo gani. Mapafu, ndiyo, yanaweza. Huko Michigan, Marekani, mwaka 2020, mwanamke mmoja alipandikizwa mapafu yote mawili ya mtu aliyepata ajali ya gari. Kipimo cha puani cha mtoaji kilikuwa kimeonyesha hana virusi. Siku ya tatu mpokeaji akashikwa na homa, kupumua kukawa shida. Ilipopimwa sampuli ya majimaji ya ndani ya mapafu ya mtoaji, iliyokuwa imehifadhiwa, virusi vilikuwamo. Mpokeaji alifariki siku 61 baada ya upasuaji, na mpasuaji aliyeyashughulikia mapafu yale aliambukizwa pia. Tangu 2021, Marekani inataka mtoaji wa mapafu apimwe mapafuni penyewe.

Figo, ini na moyo ni habari nyingine. Wagonjwa wengi wamepokea viungo hivyo kutoka kwa watoaji waliokutwa na virusi, bila kuambukizwa.

“Upasuaji uliahirishwa kwa kuogopa maambukizi tu.”

Hofu ilikuwapo, lakini na vitanda navyo viliadimika. Mtoaji ambaye ubongo wake umekufa hubaki kwenye mashine ya kupumulia, katika chumba cha mahututi, mpaka viungo vyake vitolewe, na mashine za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikigombaniwa. Utafiti uliohusisha nchi 22 ulionyesha kuwa upandikizaji ulishuka kwa takribani asilimia 16 mwaka 2020. Figo za watoaji walio hai ziliathirika zaidi, kwani mgonjwa wa figo ana mashine ya kusafisha damu ya kumshikilia. Wa moyo mara nyingi hana cha kumshikilia hivyo.

“Basi kusubiri ni salama zaidi.”

Anayesubiri figo hakai ndani. Kwa kawaida huenda kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara, katika ukumbi mmoja na wagonjwa wenzake. Hiyo si karantini.

“Chanjo haiwasaidii waliopandikizwa.”

Huwasaidia, ila pungufu. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa wapokeaji 658, ni asilimia 54 tu waliokutwa na kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na virusi, baada ya dozi 2, ndiyo maana Agosti 2021 nchi hiyo iliwaruhusu dozi ya tatu. Mgonjwa akichanjwa kabla ya upasuaji, dawa za kushusha kinga zikiwa hazijaanza, mwili huitikia vizuri zaidi. Na wanaoishi naye nyumba moja wachanjwe pia, maana wao kinga yao haijashushwa.