Gladiolasi haikupewa jina la wapiganaji wa Roma

Wengi huamini kwamba gladiolasi, mmea wa maua, ilipewa jina la wapiganaji wa viwanjani wa Roma ya kale, walioitwa gladiator. Sivyo. Katika Kilatini, gladius ni upanga, na kiishio -olus huonyesha udogo, hivyo gladiolus ni upanga mdogo. Mpiganaji naye aliitwa kwa silaha hiyohiyo, kwa hiyo majina hayo mawili yana mzizi mmoja, lakini moja halikuzaliwa na jingine.

Upanga wenyewe hauko kwenye ua, hata kama ua ndilo linalotuvutia, bali kwenye jani: huchomoza wima, refu na jembamba, lenye ncha kali na mshipa ulioinuka katikati kutoka shina hadi kileleni. Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Wagiriki nao waliuita mmea wa aina hii xiphion, kutokana na xiphos, yaani upanga. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alilitumia jina gladiolus kwa mmea, na mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, akalithibitisha kuwa jina la kisayansi la jenasi nzima, yaani kundi la mimea yenye uhusiano wa karibu.